Kona ya Kasiano

Jumatatu, 1 Julai 1996

Kasiano kafika leo. Nilimwona kwa mbali anakuja na bomba refu begani, nikadhani mwanangu kanunua bunduki. Wapi! Makaratasi. Ramani za kanisa. Mtu ana miaka arobaini na tatu, katoka Dar siku tatu kwenye treni, kamletea mama yake makaratasi na pakiti moja ya majani ya chai. Wajukuu zangu hakuwaleta. Eti shule.

Hata shikamoo haijaisha macho yako juu kwenye kenchi za nyumba yangu. — Mama, mbao za baba bado zipo? Zipo. Pale pale juu, tano, mninga mtupu, upana shubiri mbili. Marehemu mume wangu Lyamba alizipasua kwa msumeno wake mwenyewe mwaka ule kabla hajafa. Zilikuwa kumi. Tano kaenda nazo kaburini, tano ni za sanduku langu. Kijiji kizima cha Litapunga kinajua. Hata panya wanajua.

Kasiano anasema zingefaa sana kwa mlango wa kanisa.

Mlango! Nimemwambia akiendelea kuzitazama hivyo atalala nje.

Alhamisi, 4 Julai 1996

Kanionyesha albamu ya kazi zake. Miaka kumi na sita ya kuchora majengo! Nimevaa miwani, nimetazama zote, asije akasema mama hajali.

Nyumba ya mkubwa fulani Dar: boksi juu ya boksi, kama mtu alihama akaacha mizigo barabarani. Nyumba ya daktari: ukuta mrefu, madirisha yamekimbilia pembeni. Msikiti Tabora, hauna kuba. Nikamuuliza, Waislamu hawakukufukuza? Anasema wanasali humo mpaka leo, na ni baridi mchana wote. Kanisa upande wa Singida: ghala la tumbaku lenye msalaba.

Halafu nimeona kitu. Picha zote hazina watu! Nyumba haina mtu, msikiti hauna mtu, kanisa halina mtu. Nikamuuliza, kwani wote wamekufa? Akacheka. Anasema ukipiga picha na watu, watu wanaharibu mistari.

Nimeandika hapa nisisahau. Watu wanaharibu mistari. Mimi ndiye niliyemzaa huyu.

Jumamosi, 13 Julai 1996

Nilikwenda Mpanda mjini kununua chumvi na mafuta ya taa, nikapitia kwa Nassib muuza vitambaa. Nyumba yake aliichora Kasiano mwaka tisini. Nassib anajisifu nayo kama kaijenga kwa mate yake. Mkewe Zuleha kanivuta kando. Bibi, kaa hapa nilipokaa, sasa tazama mlangoni. Nikatazama. Mlango wa wageni unaangalia jiko moja kwa moja! Kila mwanaume anayekuja kwa Nassib anamkuta Zuleha kachuchumaa anamenya vitunguu. Miaka sita kaning'iniza kanga pale. Kasiano akija kumtembelea Nassib, kanga inatolewa, maana Nassib anaona aibu mchoraji aione.

Zuleha anasema lakini, Bibi, haki ya Mungu, saa saba mchana nyumba hii haina joto.

Nimemwambia hata kaburini hakuna joto.

Jumapili, 21 Julai 1996

Baada ya misa Kasiano katandika ramani mbele ya waumini wote. Kanisa letu la zamani la matofali mabichi limeinama, kila mtu anakubali. Paroko kasema Kasiano anachora na kusimamia bure, ni sadaka kwa nyumbani kwao. Watu wakapiga makofi. Basi. Tangu hapo hakuna aliyefungua mdomo. Mtu akikupa bure, unamwambiaje kakosea?

Mimi nilifungua. Nimeuliza mlango uko wapi, maana mbele hakuna mlango. Mbele ukuta! Anasema mlango uko ubavuni. Unaingia, unakuta ukuta, unapinda kushoto, njia nyembamba, unakuta ukuta mwingine, unapinda tena, ndipo uone altare. Kwa nini? Eti mtu aliache jua na vurugu za nje, ajiandae, aingie peke yake, na mwanga umpokee.

Nimesema mimi hujiandaa nyumbani. Watu wamecheka. Yeye hakucheka.

Lakini kapima kila kitu, sikatai. Kapima magoti ya watu kwa ajili ya vibao vya kupigia magoti. Kapima hata kofia ya Askofu! Aliandika barua Sumbawanga kuuliza urefu wa Askofu akiwa kavaa kofia yake, ili isigonge linta ya mlango. Paroko alifurahi kama mtoto.

Ngusa alikuwa kasimama nyuma na fimbo yake. Ni Msukuma, mtani wangu, mkokoteni wake wa ng'ombe ndio utabeba mchanga. Kasema: Nyie Wakristo sasa mtaingia kwa Mungu kama ng'ombe wanavyoingia josho! Na ng'ombe kwenye josho harudi nyuma, Bibi. Nimemwambia yeye hata josho halijamgusa, ndiyo maana ana kupe.

Jumatano, 7 Agosti 1996

Maji, maji, maji. Wanawake wote wa jumuiya tunabeba maji ya zege toka mtoni. Kasiano anatembea katikati yetu na kofia ya plastiki, mikono nyuma. Fundi akipanga tofali, anaweka futi kamba, anasema bomoa. Sentimita mbili! Fundi kabomoa, katukana kwa Kibende chetu akidhani Kasiano kasahau. Hajasahau. Kamjibu kwa Kibende hicho hicho, mafundi wote wakaangua kicheko. Hapo nilimpenda kidogo. Kidogo tu.

Ukuta wa kona umefika kifuani.

Jumapili, 18 Agosti 1996

Nilikuwa napika maharage nyuma ya nyumba. Kasiano na Paroko wamekaa mbele, hawajui masikio yangu bado mazima. Kasiano anamwambia kwamba Dar hajapata kazi miaka miwili. Matajiri wa siku hizi wanataka nguzo mbele ya nyumba, na simba wa saruji getini. Vijana wanawachorea hivyo. Yeye hataki. Kasema, Baba Paroko, Askofu akilipenda hili, ana makanisa mengine matatu ya kujenga. Hili ndilo litakalonisemea.

Kumbe. Mchoraji mkubwa, na mashati yake mawili anayoyafua mwenyewe nisiyahesabu.

Maharage yaliungua.

Ijumaa, 30 Agosti 1996

Paa limekwisha. Nimeingia peke yangu asubuhi kuwapelekea mafundi uji. Nikapinda, nikapinda tena. Kaacha matundu marefu membamba kwenye ukuta wa mashariki. Jua limeingia kama vile limekatwa kwa kisu, limelala juu ya altare, hapo tu, kwingine kiza.

Nilisimama pale. Uji ukapoa.

Sijamwambia. Atavimba kichwa, halafu ataomba tena mbao.

Jumanne, 10 Septemba 1996

Wamevua mabati ya kanisa la zamani, yanaezeka nyumba ya katekista. Kuta zimebaki kama meno ya mzee. Sasa hatuna kwingine. Misa tunasali kwenye banda la shule mpaka Askofu aje kutabaruku kanisa jipya, Jumapili tarehe sita Oktoba.

Rafiki yangu Katarina anaumwa. Tumbo tena.

Jumatano, 25 Septemba 1996

Katarina kafa alfajiri. Tulibatizwa siku moja Karema, yeye na mimi, tumevaa magauni ya shuka moja iliyokatwa mbili. Lake lilikuwa fupi, kwa sababu alikuwa mrefu kama mlingoti. Walimcheka. Akasema Mungu ataniona haraka.

Siandiki zaidi leo.

Alhamisi, 26 Septemba 1996

Naandika kwa hasira leo.

Wanawe walimwomba Paroko mama yao aingizwe kanisa jipya, maana banda la shule lina watoto wa mtihani. Paroko akakubali, kanisa halijapakwa mafuta lakini ni la Mungu. Sisi wanawake tulitangulia ndani, tukaanza wimbo. Tukaimba ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sanduku haliji. Tukaimba tena toka mwanzo. Nikasikia nje: Inua! Shusha! Rudi kidogo! Geuza!

Nikaenda. Sanduku la Katarina limekwama kwenye kona. Kichwa kimegonga ukuta wa mbele, miguu imeshikwa na ukuta wa nyuma. Wanaume wanne, wawili huku, wawili kule, hawaonani. Mtu anaingia peke yake, Kasiano alisema. Maiti haingii peke yake!

Wakajaribu mlango wa sakristia. Ule ni mwembamba zaidi, ni wa padri na kikombe chake. Wakarudi kwenye kona. Ndipo mmoja kasema, tumsimamishe. Wakalisimamisha sanduku. Na mimi nikasikia. Nilisikia Katarina anashuka ndani ya sanduku. Sauti ile kila mtu kaisikia, na wanawe wameisikia. Binti yake Monika kapiga yowe, siyo lile la msiba, lingine.

Wakamtoa nje. Misa ikafanyika juani, karibu na lundo la mchanga. Katarina, aliyefagia nyumba ya Mungu miaka thelathini, kaagwa karibu na lundo la mchanga. Watani hawakutania. Ngusa kavua kofia, katazama chini. Ngusa! Mtu ambaye kwenye msiba wa kaka yangu alilala kaburini akadai jogoo ndipo atoke.

Na mwanangu? Alisimama na mikono mfukoni. Namsikia anamwambia Paroko, hata hivyo uwanja huu niliuchora kwa ajili ya ibada za nje pia.

Ijumaa, 27 Septemba 1996

Nimemsubiri ale kwanza. Sipigani na mtu mwenye njaa.

Nikamwambia: Umepima kofia ya Askofu. Umepima magoti ya watu. Sanduku hukupima.

Anasema, Mama, sanduku la Katarina lilikuwa refu kupita kawaida. Mimi napima kwa mtu wa wastani.

Mtu wa wastani ndiye nani? Anakaa kijiji gani? Nimemzika lini?

Kasogeza sahani kando. Halafu kasema ukuta ule ndio moyo wa jengo. Ukiuondoa, mlango unatazama altare moja kwa moja, mwanga unamwagika, inabaki ghala. Kasema ghala, neno langu mwenyewe! Anasema mwakani atachora mlango mwingine ubavuni, kwa ajili ya misiba.

Nikamuuliza, na msiba wa kwanza utakuwa wa nani, kati ya sasa na mwakani? Tazama wazee waliobaki. Tuhesabu pamoja.

Katoka. Kalala kwenye kanisa lake, kwenye mifuko ya saruji.

Jumatatu, 30 Septemba 1996

Nimekwenda kwa Paroko. Nimetembea kwa miguu, nimefika na vumbi mpaka kwenye meno. Nimemwambia bomoeni ukuta kabla ya Jumapili.

Paroko kashika kichwa. Bibi Pudensiana, huyu bwana kafanya kazi bure miezi mitatu, mimi ndiye nimwambie bomoa? Nikasema basi mwakani. Kanieleza. Siku ya kutabaruku Askofu anapaka kuta mafuta ya krisma. Ukuta ukishapakwa, fundi hausogelei na nyundo mpaka Askofu mwenyewe aseme. Barua ziende Sumbawanga, zirudi. Na nani ataandika kwamba nyumba aliyoibariki ina kasoro? Kasema hivi huku anatazama viatu vyake.

Kwa hiyo ni kabla ya Jumapili, au ni hivyo hivyo mpaka mimi nitakapofika pale nimelala. Nikifika nimelala, watanisimamisha. Nitashuka ndani ya sanduku kama Katarina, na watakaosikia ni wajukuu zangu, ambao kwa mara ya kwanza watakuwa wamepata nauli ya kuja. Na watu watasema: aliyechora ni mwanawe.

Hilo la mwisho ndilo baya. Mimi nitakuwa nimekufa, sitasikia kitu. Yeye atasikia maisha yake yote.

Jumatano, 2 Oktoba 1996

Ngusa kaja kunisalimia. Kafika tu, kaanza: Bibi, kufa haraka bwana, ng'ombe wangu wanakonda, nataka wali wa msiba. Nikamwambia utatangulia wewe, nitakuzika na mkia wa fahali mdomoni. Halafu nikamwambia nina kazi. Mtani ndiye anayenizika, siyo? Ndiyo. Basi njoo na kamba, misumari, na wanao wanne wenye mabega.

Kanitazama. Mtu huyu hana shule hata siku moja lakini kaelewa mara moja. Kasema, Bibi, tukupime umelala au umekaa?

Nimezishusha mbao za Lyamba. Miaka kumi na moja hazijaguswa na mdudu. Zinanuka bado, ile harufu ya shati lake.

Alhamisi, 3 Oktoba 1996

Mafundi wanapaka chokaa. Wanawake wanashona vitambaa vya altare. Kasiano hali. Anazunguka jengo anapangusa alama za vidole vya watoto ukutani. Nimempelekea ugali na samaki, migebuka. Kala matonge mawili. Kasema, Mama, Jumapili ukae mbele, nataka uone mwanga saa tatu. Nikasema nitakaa.

Nilitaka kumwambia kwamba nimeshauona. Sikusema.

Ijumaa, 4 Oktoba 1996

Niko kwenye kona. Naandikia hapa hapa, daftari juu ya goti.

Asubuhi Ngusa na wanawe walipigilia mbao, siyo sanduku kamili, chini na ubavu tu, kwa urefu wangu na upana wa haki. Nimevaa gauni langu la WAWATA, chama chetu cha wanawake Wakatoliki. Nimelala. Wamenibeba toka nyumbani mpaka hapa, kijiji kizima kimetoka. Ngusa mbele analia kilio cha utani: Oooh, Bibi Pude, mchoyo wa togwa, katuacha na deni la matusi! Watoto wanacheka, wanawake hawajui wacheke au wapige alama ya msalaba. Monika wa Katarina katembea ubavuni kwangu, kashika mbao.

Tukaingia mlangoni. Tukapinda. Du! Kichwa ukutani. Wakarudi, wakainua, wakashusha. Mimi si mrefu kama Katarina. Mimi ni mtu wa wastani! Nimekwama vile vile.

Mtoto mkubwa wa Ngusa kauliza, tukusimamishe Bibi? Nikasema jaribu uone. Nikawaambia wateremshe mbao chini hapa hapa, zilivyokwama, watoke, waniache. Sasa mlango mkubwa umezibwa. Haingii mtu, hatoki mtu. Wapaka chokaa wako ndani wanachungulia.

Kasiano akaja toka altareni. Katazama. Kasema polepole, Mama, shuka. Sishuki. Mama, watu wanatazama. Watazame, wameitwa na nani kama si wewe, si ulitaka kanisa litazamwe? Mama, Askofu anafika keshokutwa. Nikasema vizuri, kofia yake itapita juu yangu bila kugonga, wewe ulipima.

Halafu katoa futi kamba mfukoni. Kapiga goti, yeye, kwenye chokaa mbichi, na suruali yake moja nzuri. Kapima mbao. Kapima kona. Kanipima mimi, toka utosi mpaka kisigino, kama mtoto anavyopimwa nguo ya Krismasi. Kwa kawaida huandika namba kwenye kitabu chake kidogo. Safari hii hakuandika. Kashika mbao ya baba yake kwa kiganja, kainusa, kainuka, kaondoka kupitia ndani. Sakristia ndiko kuliko na vyombo vya mafundi, nyundo, tindo, na kila kitu. Pia ndiko uliko mlango wa kwenda barabarani, kwenye Landrova ya Paroko iliyoegeshwa nje.

Ni muda sasa. Ngusa nje kaacha kulia, anawaambia watu wangoje. Mgongo unaniuma. Ninaona kuandika kwa sababu kuna tundu lake moja hapa juu, jua linaanguka juu ya karatasi sawasawa. Hilo silikatai.

Nasikia viatu. Soli ngumu, ndiye yeye. Anatembea kama mtu kabeba kitu, au kama mtu kachoka. Kasimama upande wa pili. Siwezi kumwona. Ukuta wake umenikinga.

— Mama, anasema, funika macho, vumbi lisikuingie.